Karatasi ya maabara inasema figo zipo sawa, ila mwenye figo ni mjamzito mwenye sukari

Nina karatasi ya maabara hapa mezani, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika na pembeni ina doa la mafuta ya nazi, ilikaa kwenye mkoba wa mdogo wangu tangu mwezi wa 11 mwaka juzi, msimu wa korosho umepamba moto huko Newala na yeye ana mimba ya wiki 14 na sukari ya miaka sita. Imeandikwa kreatinini 84, hicho ni kipimo cha damu cha kuangalia figo. Pembeni wameweka kiwango cha kawaida, 53 mpaka 97. Hakuna nyota, hakuna mshale, hakuna kitu kimekolezwa wino. Aliyempa majibu akamwambia mama figo zako zipo vizuri, kapumzike, na yeye akanipigia simu huku Mtwara mjini kwa furaha kabisa, dada figo zangu zipo salama.

Hazikuwa salama. Na ninachotaka kusema leo ndo hicho, ile 84 kwa mwanamke asiye na mimba ni namba ya kawaida, kwa mjamzito ni namba ya kushtua, na kwa mjamzito mwenye sukari ni ya kumfanya daktari asimame na kumuita mwenzake, lakini karatasi zetu nyingi hazijui kama anayepimwa ana mimba au hana, zinamsoma kwa kipimo cha mtu mwingine. Hilo ni kosa la kurekebishika, tena kwa gharama ndogo sana, ndo maana linaniuma.

Twende taratibu, kuanzia figo yenyewe. Mtu wa pwani hahitaji mchoro wa kitaalamu, anahitaji kukumbuka kifumbu cha kuchujia nazi. Unaweka nazi iliyokunwa, unamwagia maji, unakamua, tui linapita na chicha inabaki ndani. Kila figo ina vifumbu vidogo sana karibu milioni moja, damu inaingia kwa mshipa mmoja inachujwa na kutoka kwa mshipa mwingine, na kwa siku nzima figo mbili zinachuja kama lita 180 za maji, karibu yote yanarudishwa mwilini, tunakojoa lita moja au mbili tu. Protini ya damu ndo chicha, haitakiwi kupita. Ukiiona kwenye mkojo kwa wingi ujue kifumbu kimeanza kulegea nyuzi. Kreatinini yenyewe ni taka ya misuli, inazalishwa kila siku kwa kiasi kilekile karibu, sasa figo zikichuja sana inapungua kwenye damu, zikichuja kidogo inapanda.

Mimba ikiingia kuna jambo kubwa linatokea ambalo wengi wetu hatuambiwi kliniki. Kabla hata tumbo halijaonekana, damu inayopita kwenye figo inaongezeka sana, na uchujaji unapanda kwa karibu asilimia 50. Yani figo za mama mjamzito zinafanya kazi ya figo tatu. Kwa hiyo kreatinini yake lazima ishuke, akiwa mzima utaikuta kwenye 40 na kitu, 50 na kitu. Mpaka wa juu kwa mjamzito unazunguka 72 mpaka 77 kutegemea mimba ina miezi mingapi. Sasa rudi kwenye karatasi ya mdogo wangu, wiki ya 14, wakati figo zinatakiwa ziwe zimeshafunguka zote, imesoma 84. Haijapanda kwa maana ya kupanda, ila imegoma kushuka, na kugoma kushuka ndo habari yenyewe. Figo ziliitwa zikashindwa kuitika.

Nani anaziita? Hapa ndo inaingia hii gesi inaitwa naitriki oksaidi. Ni gesi kweli, inatengenezwa na utando mwembamba uliopo ndani ya kila mshipa wa damu, malighafi yake ni ajinini, moja ya zile chembe ndogo zinazojenga protini, na inaishi sekunde chache tu halafu imekwisha. Kazi yake ni kuuambia msuli wa mshipa legea, mshipa unapanuka na damu inapita. Miaka ya nyuma hakuna aliyejua. Mmarekani Robert Furchgott alikuwa anafanyia majaribio vipande vya mshipa mkubwa wa sungura, anaweka dawa ileile, kuna vinavyolegea na kuna vinavyokataa, akaja kugundua vile vinavyokataa vilisuguliwa wakati wa kuandaa mpaka ule utando wa ndani ukatoka. Akaandika mwaka 1980, na mwaka 1998 yeye pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa tuzo ya Nobel. Huwa nalifikiria sana lile jaribio, maana kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa kinafutwa kwa mkono bila mtu kujua.

Kwa mjamzito kuna homoni inaitwa rilaksini, inatoka kwenye ovari mwanzoni kabisa mwa mimba, inafika kwenye mishipa ya figo na kuusukuma ule utando utoe naitriki oksaidi zaidi. Mishipa inalegea, damu inajaa. Watafiti walipowapa panya wenye mimba dawa ya kuzuia gesi hii isitengenezwe, wakapata presha, protini ikatoka kwenye mkojo na watoto wakazaliwa wadogo, yani picha inayofanana kabisa na ile tunayoiita hapa dalili za kifafa cha mimba. Hiyo ni miaka ya 90. Panya sio mtu, sawa, lakini ilionyesha njia.

Sasa sukari. Hapa naomba msomaji tuliza kichwa kidogo maana ndo penye utata, sukari nayo mwanzoni inaongeza uchujaji. Mtu mwenye kisukari cha mwaka mmoja miwili anaweza kuwa na kreatinini nzuri kuliko yako wewe usiye na kitu, na watu wanafurahia. Lakini uchujaji wa mimba na uchujaji wa sukari sio kitu kimoja. Kwenye mimba mshipa wa kuingiza damu kwenye kifumbu unafunguka na wa kutoa nao unafunguka kwa kiasi kinachoendana, kwa hiyo damu inapita nyingi lakini mgandamizo ndani haupandi. Ni kama umeongeza maji kwenye nazi ukaacha yashuke yenyewe polepole. Kwenye sukari mlango wa kuingilia unafunguka sana na wa kutokea unabaki umebana, mgandamizo unapanda ndani, hapo ni kama mtu amekishika kifumbu kwa mikono miwili anakikamua kwa nguvu zake zote, kila siku, miaka na miaka. Tui linatoka jingi, ila siku moja utaona chicha kwenye sufuria.

Na ile gesi je? Sukari ikikaa juu muda mrefu kwenye damu inazalisha kemikali kali za oksijeni ambazo zinaidaka naitriki oksaidi kabla haijafika kwenye msuli na kuigeuza kitu kingine kinachounguza mshipa. Baya zaidi ni kwamba kile kiwanda cha kutengeneza gesi kwenye utando chenyewe kinaharibika, badala ya kutoa gesi ya kulegeza kinaanza kutoa zile kemikali kali. Ndo maana mwenye sukari ya muda mrefu mishipa yake inakuwa migumu, haielewi ikiambiwa legea.

Weka hivyo vitu viwili kwa mtu mmoja. Mimba inakuja inaomba mishipa ifunguke, inamkuta mama ambaye utando wake umeshachoka na vifumbu vyake vimeshakamuliwa miaka sita. Akiba haipo. Halafu kondo nalo, likikosa damu ya kutosha linamwaga kwenye damu ya mama protini inayonyonya protini nyingine, zile zinazoutia utando nguvu ya kutengeneza gesi, hii iliwekwa wazi mwaka 2003. Kwa hiyo anapigwa kutoka pande mbili. Mwenye kisukari tangu kabla ya mimba hatari yake ya presha ya mimba yenye protini ni mara mbili mpaka nne ya mwenzake, na kama figo zimeshaguswa inazidi hapo.

Mdogo wangu wiki hiyohiyo ya 14 alipimwa mkojo pia, siku nyingine. Mimi nilikuwepo safari hiyo, nilimsindikiza, niliona nesi anachovya ile stripu, anaitikisa kwenye ukingo wa kopo, anaiweka juu ya chupa kulinganisha rangi. Kimraba cha protini kilitoka kwenye njano kikaenda kijani hafifu, akaandika + moja. Akasema labda ni uchafu au UTI, akapewa dawa za UTI. Simlaumu, nje walikuwa wamekaa kina mama zaidi ya arobaini kwenye benchi na chini kwenye vibaraza, wengine wametoka Nanyamba alfajiri, yeye yuko peke yake na mwanafunzi mmoja. Lakini + moja kwa mama mwenye sukari, na kreatinini iliyogoma kushuka, hivyo viwili vilikuwa kwenye kadi moja, kurasa mbili tofauti, na hakuna aliyevisoma pamoja.

Hiyo stripu ina mtego mwingine ambao naona unawachanganya wengi. Kimraba cha sukari. Kwa sababu figo za mjamzito zinachuja kupita kawaida, sukari inayochujwa inakuwa nyingi kuliko figo inavyoweza kuirudisha, kwa hiyo mjamzito mzima kabisa asiye na kisukari anaweza kuonyesha sukari kwenye mkojo. Na mwenye kisukari anaweza asionyeshe. Nimeshasikia wanawake Mikindani wametishwa mpaka wakaacha kula kwa sababu ya stripu, na wengine wameambiwa huna sukari kwa sababu ya stripu hiyohiyo. Kisukari cha mimba kinapimwa kwenye damu. Asubuhi hujala kitu, ikisoma 5.1 au zaidi kwa mjamzito tayari inahesabika kisukari kwenye mimba kwa viwango vya WHO vya mwaka 2013, wakati mtu wa kawaida akisoma 5.1 anaambiwa yupo vizuri. Unaona tena? Mjamzito ana kipimo chake. Kile kipimo kamili cha kunywa glukozi gramu 75 kinafanywa wiki ya 24 mpaka 28 na unatakiwa ukae na njaa tangu usiku, sasa mama anayepanda gari saa kumi alfajiri kutoka Tandahimba, akafika saa tatu akapanga foleni mpaka saa sita, njaa hiyo ni ya kuhurumiwa, wengi wanavunja njiani kwa chapati na chai na sioni wa kuwalaumu. Wangepewa namba ya kuingia mwanzo wa foleni ingetosha.

Kuna jambo la dawa, hili ni zito. Wenye sukari ambao figo zimeanza kuvuja protini wanapewa dawa kama enalaprili, kaptoprili au losatani. Ni dawa nzuri kwa kweli, zinafungua ule mlango wa kutokea ili mgandamizo kwenye kifumbu ushuke. Lakini kwa mjamzito hazitakiwi, zinaharibu figo za mtoto tumboni mpaka maji ya uzazi yanapungua. Mdogo wangu alikuwa anatumia losatani, alikuja kujua ana mimba wiki ya tisa. Boksi lilikuwa kwenye mkoba uleule, ndani limeandikwa onyo la mimba kwa herufi ndogo kwa Kiingereza. Hakuna aliyemuuliza miaka yote hiyo, dada una mpango wa kuzaa? Alikuwa na miaka 31, ameolewa, ana mtoto mmoja. Swali hilo ni la sekunde tano. Kwa wenye mpango wa kubeba mimba daktari anabadilisha mapema, kuna methildopa, kuna nifedipini, na sukari inashushwa kwanza kabla ya mimba kuingia. Usizitupe dawa mwenyewe ukisoma hapa, nenda ukaulize, presha isiyo na dawa nayo inaua.

Na hapa niseme na hawa wanaouza vidonge na unga wa kuongeza naitriki oksaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, naona sasa wameanza kuwalenga wajawazito. Hoja yao ni kwamba kama gesi imepungua basi iongezwe. Inaingia akilini, na ndo ubaya wake. Uholanzi walijaribu dawa ya sildenafili, ambayo inafanya kazi kwenye njia hiihii ya naitriki oksaidi, kwa wajawazito ambao watoto wao walikuwa hawakui vizuri tumboni. Mwaka 2018 ikabidi wasitishe jaribio maana watoto kadhaa walipata matatizo ya mapafu na wengine wakafariki. Hao ni madaktari wenye vifaa vyote. Sasa wewe unayeuza unga kwenye kopo lisilo na lebo umejiamini nini? Hata wanaosema watakupima kiwango cha naitriki oksaidi, gesi yenyewe inaishi sekunde, kinachopimwa ni mabaki yake, na ukila mchicha jana usiku mabaki yanapanda. Korosho na karanga zina ajinini, kweli, kula kwa kiasi ni chakula kizuri, ila sio tiba ya figo na mtu asikudanganye kwa sababu tu tunazo nyingi.

Kilicho na ushahidi ni cha kawaida sana na ndo maana hakina matangazo. Aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa siku, ikianza kabla ya wiki ya 20 na vizuri zaidi ikianza wiki ya 12, WHO inaipendekeza kwa wajawazito wenye hatari kubwa, na kisukari na ugonjwa wa figo vyote vipo kwenye orodha hiyo. Bei yake haifiki soda kwa wiki. Mdogo wangu hakuandikiwa. Tena hapo alikuwa ndani ya muda, wiki 14. Presha kupimwa kila mara, protini kwenye mkojo kila mara na ikionekana ipimwe kiasi chake sio kuishia kwenye rangi ya stripu, kreatinini mapema ili kuwe na namba ya kulinganishia baadaye. Magineziamu salfeti ikifika kwenye hatari, ile sindano utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha inapunguza kifafa cha mimba kwa nusu.

Najua nitajibiwa, maabara zetu zina mashine moja na vitendanishi vinaisha, huwezi kumpima kreatinini kila mjamzito wa Mtwara na Lindi. Sijaomba hivyo. Naomba wenye sukari na wenye presha tu, ambao hata sasa wanapimwa, majibu yao yasomwe kwa kipimo chao. Kwenye fomu ya maabara kuna sehemu ya jinsia na umri, iongezwe sehemu ya mjamzito, wiki ngapi. Kwenye ukuta wa chumba cha kliniki ibandikwe karatasi moja, kreatinini ya mjamzito ikizidi 77 mpigie daktari. Hiyo ni printi moja na gundi. Nimeipeleka hoja hii kwa muuguzi mmoja ninayemfahamu, akachukua kalamu akaandika kwenye mlango wa kabati lake, basi, ndo imeanza hivyo kwa chumba kimoja.

Na makungwi wetu, maana huku kwetu mwali anayafahamu mambo ya mwili kupitia unyago kabla ya kitabu chochote, wangeongeza neno moja tu, mwenye sukari anamwambia daktari kabla ya kubeba, sio baada. Bibi yangu alikuwa kungwi na najua neno likisemwa kule halisahauliki.

Mdogo wangu wiki ya 32 pete ya ndoa ilikataa kutoka kidoleni, ikakatwa. Ndala zilikuwa zinaacha michoro miguuni, ukibonyeza juu ya kifundo shimo linabaki, ukihesabu mpaka ishirini bado lipo. Mama mkwe wake akasema ni kawaida mimba ya pili huwa hivyo, alisema kwa nia njema kabisa. Presha ilisoma 160 kwa 110, protini +++. Alipewa rufaa usiku, akachomwa magineziamu, mtoto akatolewa kwa upasuaji wiki ya 33 na kilo 1.6, akabebwa kifuani ngozi kwa ngozi wiki tatu. Yupo, anatambaa, ana meno manne.

Mama yake ndo bado. Baada ya kujifungua watu wanadhani yamekwisha, lakini utafiti wa Norwei wa mwaka 2008 ulikuta waliopata presha ya namna hii kwenye mimba ya kwanza walikuwa na hatari ya figo kufeli kabisa miaka ya baadaye karibu mara tano ya wengine, na hao wengi hata sukari hawakuwa nayo. Wiki 12 baada ya kujifungua nilienda naye tena. Nesi mwingine, chupa ileile ya stripu. Protini + moja, kreatinini 96. Kwenye karatasi kiwango kinaishia 97, hakuna nyota. Safari hii nilitoa ile karatasi ya zamani kwenye mkoba nikaziweka mbili pamoja mezani kwa daktari, akaziangalia kimya, akavuta kiti, akaanza kumuuliza maswali upya kuanzia mwaka alioanza sukari.